Nilifanya uzamivu katikati ya uhandisi na fasihi, haya ndo yaliyonikuta

Kila nikitaja nilichosomea naulizwa swali lilelile, sasa wewe ni injinia au mtu wa mashairi? Jibu fupi ni vyote viwili. Jibu refu ndo hili naandika, maana siku za karibuni vijana kadhaa wamenifuata inboksi wanataka kufanya utafiti unaovuka idara, mmoja yuko fizikia anataka kuingia historia, mwingine biolojia na muziki, na nikiwasikiliza naona wote wanajiandaa kwa ugumu ambao sio wenyewe. Wanadhani kazi itakuwa kujifunza masomo ya idara ya pili. Hiyo wala haisumbui, ukikaa na vitabu na ukawa huoni aibu kuuliza, yanaingia tu. Kinachotesa ni kwamba kila fani ina namna yake ya kukubali kuwa jambo limethibitika, na hakuna atakayekukalisha chini akueleze, kwa sababu wao wenyewe wanaona hiyo ndo namna pekee iliyopo duniani.

Mimi nilitokea uhandisi wa kompyuta, digrii ya kwanza na ya pili zote huko. Kwenye uzamivu nikaja na wazo la kutengeneza programu ya kusoma tenzi na mashairi ya Kiswahili, ihesabu mizani, itambue vina, afu tuone kama mtindo wa mtu unaweza kusaidia kukisia mtunzi kwa zile kazi ambazo utunzi wake una ubishi. Nikapewa wasimamizi wawili, profesa wa uhandisi, na mama mmoja wa idara ya fasihi ambaye wote tulikuwa tunamwita Mwalimu, na baadaye kamati ikaongeza mtu wa takwimu. Yaani nyumba moja wazee watatu na kila mmoja ana sheria zake.

Wazo lenyewe halikuwa geni, na hili nashauri kila mtu alifanyie kazi mapema, tafuta waliokutangulia kwenye huo mpaka unaotaka kuvuka, karibu kila mara wapo. Mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alichukua shairi refu la Pushkin linaloitwa Eugene Onegin akahesabu herufi 20,000 za mwanzo, kwa mkono, hakuna kompyuta wala kikokotozi, akapata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Alichotaka kuona ni kama herufi inayokuja inategemea iliyotangulia, na kweli, baada ya irabu uwezekano wa kupata irabu nyingine ulikuwa kama 0.13 tu, baada ya konsonanti ukaruka hadi 0.66. Ile hesabu ya matukio yanayofuatana kwa kutegemeana, ambayo leo inatumika kwenye fizikia, jenetiki, foleni za mitandao na kwingine kibao, mfano wake wa kwanza kwa data halisi ulikuwa shairi. Claude Shannon akaja kuitumia mwaka 1948 kwenye kazi yake ya nadharia ya mawasiliano, ambayo mainjinia wa simu wote wanaisoma. Mimi nilikuwa nimesoma Shannon mwaka wa tatu na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyetaja Pushkin.

Halafu kuna kina Mosteller na Wallace, wanatakwimu wa Marekani, mwaka 1964 walitoa kazi kuhusu makala 12 za Federalist, yale maandishi ya 1787 na 1788 ya kuitetea katiba mpya ya Marekani, ambazo ilikuwa haijulikani kama ziliandikwa na Hamilton au Madison. Wakaacha maneno makubwamakubwa wakashika vijineno ambavyo mwandishi anavitumia bila kufikiri. Kale kaneno "upon" Hamilton alikuwa anakatumia kama mara 3 kwa kila maneno 1,000, Madison hata mara 1 haifiki. Walipomaliza hesabu, zote 12 zikaangukia kwa Madison. Kazi kama hizi ndo nilizozitanguliza kwenye pendekezo langu na zilinisaidia sana, maana kamati ikiona kuna njia ilishapitwa inapunguza maswali ya "hii inawezekana kweli?"

Sasa twende kwenye kimbembe chenyewe.

Kuhesabu mizani kwa programu unaweza ukadhani ni kazi ya jioni moja. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, silabi zake nyingi zinaishia na irabu, hesabu irabu umemaliza. Hapana. "Mtu" ina irabu moja ila mizani miwili, m-tu, hiyo ukiiweka kwenye programu inapita. Ila angalia "mbu" na "mbuzi". "Mbu" ni mizani miwili, m-bu. "Mbuzi" nayo miwili, mbu-zi, ile m ya mbele imemezwa. Hivyohivyo "nchi" na "nchini", "nge" na "ngedere". Kwa hiyo programu haiwezi kuangalia herufi mbili za mwanzo tu ikaamua, lazima iangalie neno zima lina urefu gani. Hilo nalo tukaliweka sawa.

Baada ya marekebisho yote hayo ikabaki mishororo michache ya tenzi ambayo ilikuwa inagoma. Utenzi unatarajia mizani minane kila mshororo, hii inatoa saba, au tisa. Ndo hapa nikaanza kuelewa niko sehemu gani, kwa sababu nilipeleka mishororo ileile kwa watu watatu nikarudi na majibu matatu.

Profesa wa uhandisi aliangalia jedwali, akaona programu inapatia sehemu kubwa mno ya mishororo, akasema vizuri sana, hiyo iliyobaki ni kelele kwenye data, andika pepa. Na kwa uhandisi yuko sahihi kabisa, kifaa kinapimwa kwa kufanya kazi ndani ya kiwango cha makosa mlichokubaliana, hakuna anayesubiri kifaa kisichokosea kabisa ndo akitumie. Mwanatakwimu hakujali hata jedwali linasema nini, akauliza, hiki kipimo mlikipanga kabla hamjaiona data au baada? Mlijaribu vipimo vingapi kabla ya hiki? Na hiyo mishororo mliyoijaribia ndo ileile mliyotengenezea programu? Mwalimu wa fasihi yeye alivaa miwani, akasoma ile mishororo iliyogoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, taratibu, akaniambia, "Kijana, umehesabu vizuri. Sasa hii uliyoiita makosa umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nani anasoma kelele?

Tukaanza kuisoma pamoja. Nitawapa mfano wa kujitungia muone. Tuseme kuna mshororo unasema "Mungu bwana wa wote". Hesabu, ni saba. Lakini watunzi wa tenzi za zamani hawana shida kusema "Muungu", mu-u-ngu, na hapo mshororo unatimia nane bila shida yoyote. Tenzi nyingi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na waliozihamishia kwenye herufi za Kirumi wengine walikuwa wanasanifisha tahajia kadri wanavyoona, "Muungu" inakuwa "Mungu", na shairi linavunjika mguu bila mtunzi kuwa na kosa lolote. Ukiongeza na inkisari na mazida, yaani mtunzi kufupisha neno au kulirefusha kwa makusudi ili mizani ikae, unakuta sehemu kubwa ya "makosa" yetu yalikuwa yanasema jambo kuhusu wahariri na kuhusu uhuru wa mshairi. Hiyo ikawa sura nzuri kuliko zote kwenye tasnifu, na mpaka leo ndo sehemu pekee watu wananiandikia kuiuliza.

Angalia lakini, sisemi mtu wa fasihi alishinda injinia akashindwa, hiyo ndo hadithi watu wanapenda kuisikia. Bila programu hakuna mtu angeipata ile mishororo katikati ya maelfu. Na bila yule wa takwimu kutubana tungekuwa tumejifunga wenyewe, maana Mwalimu naye alikuwa na tabia, akishapata maelezo ya mishororo mitano anaona maelezo hayohayo yanatosha kwa yote, na yule jamaa akawa anamwambia kwa heshima zote, Mwalimu, tuchague mingine kwa bahati nasibu tuone kama maelezo yanashika. Kuna ambayo hayakushika. Mwalimu alinuna wiki nzima.

Hii tofauti ya ushahidi iko kila mahali, sio kwangu tu. Kwenye saikolojia, tiba na sayansi nyingine kibao kuna kile kizingiti cha 0.05 ambacho kilipata umaarufu kupitia kitabu cha Ronald Fisher cha 1925, yaani kama hakuna kitu chochote pale, uwezekano wa kupata matokeo makali kiasi hicho uwe chini ya 1 kati ya 20. Watu wa fizikia ya chembe wakisikia hivyo wanacheka, wao kutangaza ugunduzi wanataka sigma 5, ambayo ni kama 1 kati ya milioni 3.5, ndo walichosubiri kabla ya kutangaza chembe ya Higgs Julai 2012. Mwanahisabati naye anawashangaa wote wawili, kwake uwezekano sio uthibitisho hata uwe mdogo namna gani. Na mhakiki wa fasihi hatafuti kizingiti, anatafuta usomaji unaobeba ushahidi mwingi zaidi wa matini kuliko usomaji mwingine, na ukimletea asilimia anakuuliza asilimia ya nini. Hakuna aliye mjinga hapo. Mwenye data ya mabilioni ya migongano na mwenye shairi moja ambalo halitatungwa tena hawawezi kutumia mizani mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ningeweza kuishia hapo, kabla hujakusanya chochote, kaa na kila msimamizi peke yake umuulize, "nikikuletea nini utakubali kwamba nimemaliza?" Andika jibu lake kwa maneno yake, mtumie kwa imeili athibitishe, afu wakutanishe wasomane majibu. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumeshachelewa, kikao kilikuwa kigumu, ila baada ya pale ubishi ulipungua kwa kiasi kikubwa.

Kusoma nako ni kazi tofauti kila upande. Pepa ya uhandisi naisoma kwa kuruka, muhtasari, michoro, jedwali, hitimisho, nikivutiwa narudi kwenye mbinu. Makala ya uhakiki ukiisoma hivyo hutoki na kitu, maana hoja inajengwa sentensi kwa sentensi na hitimisho lake peke yake mara nyingi linaonekana la kawaida tu. Ya hisabati ndo kabisa, kurasa mbili zinaweza zikala siku nzima na usijilaumu. Nilikuwa najipangia idadi ya makala za kusoma kwa wiki bila kujali ni za fani gani, ratiba ikawa inaanguka kila wiki najiona mvivu, kumbe nilichokuwa napima hakifanani. Panga kwa saa.

Kingine kidogo ila kinauma, namba za kurasa. Uhandisi tunataja chanzo kwa namba kwenye mabano na maisha yanaendelea. Fasihi wanataka ukurasa, na kwa ushairi wanataka ubeti na mshororo. Kama unasoma leo andika ukurasa leo, hata kama jarida unaloandikia halitaki. Kurudi kutafuta ukurasa wa nukuu uliyoisoma miaka miwili nyuma kwenye kitabu ulichokwisha rudisha maktaba ni adhabu, asikwambie mtu.

Na usitegemee kutafuta sehemu moja. Hifadhidata za uhandisi, za tiba na za fasihi hazionani, kila moja ina maneno yake ya kutafutia, unaweza ukaandika kwamba jambo halijafanyiwa utafiti kumbe limefanyiwa kwa jina lingine jengo la pili. Don Swanson, aliyekuwa mtaalamu wa masuala ya habari na maktaba huko Chicago, alionyesha hilo vizuri mwaka 1986. Alisoma makala za mafuta ya samaki kwenye damu, akasoma nyingine za ugonjwa wa Raynaud, ule wa vidole kukosa damu wakati wa baridi, makundi mawili ya watafiti ambayo hayakuwa yanatajana, akaunganisha akasema mafuta haya huenda yakasaidia ugonjwa huu. Hakuingia maabara, alisoma tu. Majaribio ya baadaye kwa wagonjwa yakaunga mkono. Mkutubi wa fani ya pili mfanye rafiki, hao watu wanajua vitu ambavyo wasimamizi hawajui na huwa hakuna anayewauliza.

Tuje kwenye kuchapisha, hapa niliona rangi zote. Kwenye kompyuta makongamano yana hadhi, unapeleka pepa fupi, inapitiwa, ndani ya miezi michache una jibu. Fasihi kongamano ni la kuongea, chenye uzito ni makala ya jarida na hasa kitabu, na jibu la jarida linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Nikajikuta profesa wangu anauliza mbona upande wa fasihi umelala, na Mwalimu anashangaa mbona naandika vitu vingi vifupi ambavyo havijaiva. Wote wanaangalia kazi ileile. Fomu ya maendeleo ya kila mwaka nayo ilikuwa na kisanduku cha "idadi ya machapisho" basi, haiulizi ni machapisho ya aina gani. Nilianza kuambatisha ukurasa mmoja wa maelezo, kila chapisho lina hadhi gani kwenye fani yake na kwa nini, na nilishangaa kuona kweli walikuwa wanausoma.

Majina nayo. Kwenye maabara nyingi za biolojia jina la kwanza ni la aliyefanya kazi na la mwisho ni la bosi wa maabara, kwenye hisabati wanapanga kialfabeti, ukiwa na jina la Z ni bahati yako. Fizikia ya chembe wana dunia yao kabisa, mwaka 2015 ilitoka pepa ya uzito wa Higgs yenye waandishi 5,154, kurasa 33 ambazo 24 ni majina na taasisi zao. Sasa chukua utamaduni huo umpelekee mtu wa fasihi. Nilipoandika makala ya kwanza ya upande wake nikaweka jina la Mwalimu kwenye uandishi, nikiona ndo adabu, maana upande wetu usipoweka jina la msimamizi ni ugomvi. Akalifuta. Akasema hajaandika sentensi hata moja mle ndani, atashukuriwa kwenye tanbihi inatosha. Profesa alipoiona haina jina la msimamizi yeyote akahisi kuna mtu ameachwa makusudi, ikabidi nieleze. Malizeni habari ya majina siku kazi inapoanza, kwa maandishi, kila pepa kivyake, wakati bado hakuna kitu cha kugombania.

Gharama sasa. Kubwa ni muda. Ufadhili wangu ulipangwa kwa mtu wa idara moja, ukaisha kazi haijaisha, nikamalizia kwa kufundisha vipindi vya saa na kutengeneza programu za watu usiku, na kipindi hicho tasnifu ilikuwa inasogea kama haisogei. Kama una nafasi ya kujadili ufadhili mwanzoni, omba nyongeza ya muda ukiwa bado unapendwa. Ukisubiri ukwame, kila mtu anaona ni uzembe wako.

Ya pili ni upweke, na hii watu hawaisemi. Semina za uhandisi mimi ndo "yule wa mashairi", za fasihi mimi ndo "yule wa kompyuta", kote napewa kiti kizuri na kote nikiongea kuna ka-tabasamu. Niliambiwa mshika mawili moja humponyoka mara nyingi hadi nikawa nawamalizia. Kilichonisaidia ni kupata watu wachache wa hali kama yangu kutoka idara nyingine kabisa, dada mmoja alikuwa anachanganya kemia na uhifadhi wa michoro ya kale, kaka mmoja uhandisi wa ujenzi na akiolojia, tukawa tunasomeana rasimu. Mada hazifanani hata kidogo ila matatizo ni yaleyale, yule dada alikuwa na rangi ambayo maabara inaita uchafu na mtu wa sanaa anaita saini ya fundi, nikamwambia karibu.

Kwenye utetezi watahini walitoka pande zote mbili na kilichotokea nilikuwa nimekitarajia nusu. Wa uhandisi alitaka ile sura ya uchambuzi wa mishororo iliyogoma ihamie kwenye kiambatisho, ili matokeo ya programu yaonekane. Wa fasihi alitaka majedwali yahamie kwenye kiambatisho, ili uchambuzi usomeke. Ukifuata wote wawili tasnifu inabaki utangulizi na shukrani. Mwenyekiti akataka kufunga kikao, kila mtahini anitumie orodha yake ya masahihisho, na hapo Mwalimu akanyanyua mkono akaomba orodha iwe moja tu, waelewane palepale, isainiwe na wote kabla hatujatoka. Ilichukua kama nusu saa nikiwa nje kwenye korido. Orodha ikatoka ina vitu vichache, majedwali mawili ndo yakahamishwa, sura ikabaki ilipokuwa. Jamaa yangu mmoja aliyetetea kwenye hali kama yangu hakuomba hivyo, akapokea barua mbili zinazopingana na alitumia muhula mzima akiwa mpeleka ujumbe kati ya watahini, kwa hiyo ukiwa na watahini wa fani mbili muombe msimamizi wako mapema, kabla ya siku yenyewe, alisimamie hilo la orodha moja, maana wewe utakuwa umetolewa nje.